Dscam1 hushikana yenyewe kwa yenyewe, mbona matawi yanakimbiana?

Swali
Wakuu, ninapima dendraiti (matawi ya nyuroni yanayopokea ishara) za buu wa nzi wa matunda, hatua ya tatu. Nyuroni zake za hisi za ngozini hupangwa daraja la I hadi la IV kwa wingi wa matawi; za daraja la I zisizo na protini ya Dscam1 matawi yake yanapishana na kugandana. Sasa, kama protini hii kazi yake ni kushikana na mwenzake, iweje ikikosekana ndipo matawi yagandane? Halafu daraja la IV, hata nyuroni zenye Dscam1 nzima zina matawi yanayokatizana. Nakosea wapi?

Jibu la 1
Kule kushikana ndiyo ishara yenyewe. Sehemu ya protini iliyo nje ya seli ikikutana na pacha wake, mkia ulio ndani ya seli unaamuru tawi lirudi nyuma. Kata mkia, acha sehemu ya nje, na hapo matawi yatagandana kweli.

Pacha lazima afanane kabisa. Eksoni (kipande cha jeni) ya 4 ina vibadala 12, hutumika kimoja tu kwa wakati, ya 6 ina 48, ya 9 ina 33: sehemu za nje tofauti 19,008. Eksoni ya 17 ina 2 vya kipande kinachopenya utando, jumla 38,016. Kila nyuroni hubahatisha vichache tu, ndiyo maana hujikwepa yenyewe bila kumkwepa jirani.

Jibu la 2
Ukitaka kurudisha jeni kwa nyuroni zisizo nayo, irudishe kwenye seli moja moja (kwa MARCM, mbinu ya kubadili jeni na kuwasha alama kwenye seli chache tu). Kibadala kimoja kinatosha. Ukikiwasha hicho hicho kwenye nyuroni zote, daraja la I na la III zitakwepana ilhali kwa kawaida hutumia eneo moja. Usije ukadhani jeni ni sumu.

Jibu la 3
Kuhusu daraja la IV, shida ni picha iliyolazwa bapa. Integrini (protini za kushikiza seli) huzishikiza dendraiti kwenye matriksi, yaani utando wa nje ya seli, chini ya ngozi. Penye mshiko hafifu, tawi huzama ndani ya seli ya ngozi na kupishana na jingine bila kugusana. Hilo Dscam1 haihusiki nalo. Piga picha za tabaka kila mikromita 0.5 au chini yake, lenzi ya mafuta, kisha kagua kila makutano kwa upande (XZ). Kioo cha kufunikia usikikandamize, matawi ya vina viwili tofauti yataonekana yako kina kimoja.

Mwuliza
Nimeelewa, mkuu. Na kwa panya?

Jibu la 3
Huko Dscam haina vibadala vya namna hiyo. Angalia protokadherini, protini nyingine za kutambuana: ukifuta zile 22 za kundi la gama, amakrini (nyuroni za retina) zenye umbo la nyota matawi yake yanaparamiana vile vile.