Wauza magitaa ya umeme Dodoma, mnatuuzia shingo zilizokauka halafu mnasema hatujui kupiga!

Wakuu, salaam. Mods, naomba msiuhamishie uzi huu jukwaa la matangazo. Haya ni malalamiko.

Gitaa la umeme la laki nne au tano siku hizi linaweza kuwa gitaa zuri kabisa. Mashine zinazoongozwa na kompyuta zinakata shingo na kuchora nafasi za freti (vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo) kwa usahihi uleule, iwe kwa gitaa la laki nne au la milioni nne. Kwa hiyo mtu asinijie hapa na "bei ndogo, ubora mdogo". Tunachouziwa Dodoma ni maboksi yaliyorundikwa stoo chini ya bati miezi na miezi, yanafunguliwa siku mteja anapofika, bila mtu yeyote wa duka kulikagua gitaa wala kulirekebisha. Ukirudi nalo kesho yake unaambiwa "mkuu, wewe hujui kupiga". Wanaoumia zaidi ni kwaya za Nkuhungu na Chang'ombe, za Kongwa, Chamwino na Mpwapwa, zinazonunua kwa michango ya waumini waliojinyima. Hiyo haivumiliki.

Nianze na linalotuhusu sisi wa kanda ya kati. Magitaa yanashuka bandari ya Dar es Salaam penye hewa nzito ya pwani, kisha yanapandishwa huku ambako kuanzia Mei hadi Novemba mvua ni kama hakuna na hewa ni kavu mno. Gitaa linapenda unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55. Likikaa chini ya hapo, mbao ya shingo inasinyaa kwa upana. Freti ni chuma, hazisinyai. Basi ncha zake zinatokeza pembeni na kukwaruza kiganja kila unapopanda na kushuka. Pitisha kidole taratibu pembeni mwa shingo, upande wa juu na wa chini, toka freti ya kwanza hadi ya mwisho. Ukihisi msumeno, umeshajua hali ya gitaa hilo.

Hilo linatibika, na ndiyo maana nakasirika duka likilipuuza. Unabandika solotepu ya karatasi kulinda mbao, unachukua tupa bapa yenye meno laini, unaisimamisha wima na kuisukuma kwa kufuata urefu wa shingo mpaka chuma kilingane na mbao. Kisha unailaza kidogo kuondoa ukali wa ncha, unamalizia na msasa namba 400 halafu 600. Kazi hii ifanywe kiangazi kimeshakolea. Ukiifanya masika mbao ikiwa imevimba, mwezi wa nane ncha zinatokeza tena.

Sasa shingo yenyewe. Hapa ndipo gitaa linapofaulu au kufeli. Pikapu (sumaku zenye koili zinazonasa sauti ya nyuzi) hubadilishwa, funguo za kutunia hubadilishwa, swichi hubadilishwa, lakini shingo iliyojisokota itakusumbua mpaka ulitupe gitaa. Liinue kama mtu anayelenga bunduki, jicho likae upande wa briji (kile chuma cha mwilini kinachoshika nyuzi), tazama kuelekea kichwani. Freti zote zionekane zimelala sambamba na nati (kile kipande cheupe chenye mifereo ya nyuzi). Zikionekana kuinama upande mmoja kadiri unavyosogea kichwani, shingo imejisokota. Hakuna spana ya kutibu hilo. Rudisha mezani.

Kupinda kwenda mbele ni kitu kingine, na kiasi kidogo kinatakiwa. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya 1 kwa mkono mmoja na kwenye freti ya mwisho kwa mwingine, mwenzako aangalie nafasi kati ya uzi na freti ya 7 au ya 8. Milimita 0.2 hadi 0.3 inatosha, yaani unene wa karatasi mbili tatu za fotokopi. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76, kwa hiyo ikipita hapo kwa raha, shingo imepinda sana. Uzi ukilala kabisa juu ya freti, shingo haina mpindo au imepinda kinyumenyume, na nyuzi zitakereza freti za mwanzo. Yote mawili hurekebishwa kwa trasi rodi, chuma kilichomo ndani ya shingo: kukaza hunyoosha, kulegeza huachia, robo mzunguko kwa mara moja na kupima tena. Mwambie muuzaji aizungushe mbele yako. Kama nati ya chuma hicho inazunguka bure bila kushika, au imeshafika mwisho wa kukaza na shingo bado imepinda, usinunue hata akupunguzie laki.

Freti zilizoinuka mnazijua kwa kelele, noti moja inazimika au inatoa sauti ya freti ya mbele yake. Ukingo wa kadi ya benki unazigundua. Mahali popote usimamishe kadi juu ya freti tatu zinazofuatana. Ikicheza huku na huku, ya katikati imeinuka. Kwa gitaa lenye milimita 648 toka nati hadi briji, upande mrefu wa kadi unatosha freti nne za mwanzo, na upande mfupi kuanzia ya 5 hadi ya 11. Kuanzia ya 12 freti zimebanana, kata kadi ya zamani kipande cha sentimita 4. Freti moja au mbili si msiba, mara nyingi hazikuzama vizuri kwenye mfereji, hugongwa kwa nyundo ya plastiki zikakaa. Saba au nane ni kazi kubwa ya kusawazisha shingo nzima, na gharama hiyo itoke kwenye bei ya gitaa, isitoke mfukoni mwa mnunuzi.

Nati nayo. Viwandani huiacha juu kwa makusudi, kwa sababu ya chini hukereza na kurudishwa, ya juu haipigi kelele dukani. Matokeo yake kodi ya F (noti za F zinazopigwa pamoja) inauma vidole na inatoka juu ya sauti hata gitaa likiwa limetuniwa sawasawa. Bonyeza uzi kwenye freti ya 3 na utazame juu ya freti ya 1: nafasi iwe ya karatasi moja tu. Na ukisikia "tii!" wakati wa kutuni, uzi umekwama kwenye mfereo. Watu wanalaumu funguo na kununua mpya bure, kumbe dawa ni kupanua mfereo kidogo na kupaka risasi ya penseli.

Urefu wa nyuzi juu ya freti ya 12: kama milimita 2 kwa uzi mnene, 1.5 kwa uzi mwembamba. Kadi mbili zilizolaliana ni milimita 1.5, hicho ndicho kipimo chako. Halafu programu ya bure ya kutuni kwenye simu: piga uzi wazi, tuni, kisha bonyeza freti ya 12. Sauti iwe ileile oktavu moja juu. Ikizidi, sadeli ya uzi huo (kile kitako chake kwenye briji) irudishwe nyuma. Ikipungua, isogezwe mbele. Sadeli ikiwa imeshafika mwisho wa skrubu yake na sauti bado haijakaa, briji imefungwa pasipo pake.

Tazama pia nyuzi mbili za nje zinavyokaa hadi freti ya mwisho. Uzi mwembamba ukikaribia kuanguka ukingoni, shingo imefungwa upande. Ukilegeza skrubu nne za nyuma, ukaivuta na kukaza tena, mara nyingi inakaa.

Mwili wa gitaa sitaupotezea muda. Wauzaji wanapenda kugonga mbao na kusema "hii orijino". Hata plaiwudi inapiga, mradi skrubu za shingo na briji zinashika.

Briji ya kutikisa kwa mkono kwenye gitaa la bei hii ni balaa, ukiitumia mara mbili gitaa zima limetoka kwenye sauti. Chagua briji isiyotikisika. Kama ipo tayari, ongeza springi za nyuma zifike tano na ukaze kibano chake mpaka briji ilale kwenye mwili.

Na suala la nembo. Gitaa jipya la Fender au Gibson kutoka Marekani haliuzwi laki sita, Dodoma wala popote. Chapa zao za bei nafuu zinajulikana, Squier na Epiphone, na hazina aibu. Anayekuuzia "Gibson" ya laki sita, tazama kifuniko cha trasi rodi kichwani: ya Gibson inashikwa na skrubu mbili, za bandia mara nyingi zina tatu. Daini risiti ya EFD iandikwe jina la chapa na modeli kama alivyokutajia. Akikataa kuandika, umeshajua. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na bidhaa bandia zinashughulikiwa na Tume ya Ushindani (FCC). Tuache kulalamikia vijiweni tu, tupeleke.

Fundi Ampu wa Makole:
Umeandika kweli tupu mkuu. Naongeza upande wa umeme.

Chomeka kebo kwenye gitaa, weka mita kwenye omu, gusa ncha na shingo ya jeki ya upande wa pili, volyumu na toni zote juu. Pikapu ya koili moja isome takribani kilo-omu 5 hadi 7, hambaka (ya koili mbili) 7 hadi 9, nyingine zenye sumaku za seramiki huzidi hapo. Ikisoma karibu na sifuri kuna shoti, ikiruka hadi mamia ya kilo-omu au isiposoma kabisa, koili imekatika, au ni waya tu umeachia lehemu. Fanya hivyo kila nafasi ya swichi. Hakuna mita? Washa ampu kwa sauti ndogo, gonga kila pikapu polepole kwa bisibisi ndogo, kila moja ijibu.

Mvumo: koili moja huvuma, ndiyo asili yake. Mvumo ukipungua unapogusa nyuzi, waya wa ethi wa briji uko sawa. Usipobadilika kabisa, waya huo haujaunganishwa. Ukiongezeka, nyaya za jeki zimeungwa kinyume. Jeki inayokwaruza ukiitikisa, usikaze nati ya nje huku ndani inazunguka, utakata nyaya. Fungua bati, shika jeki kwa ndani, ndipo ukaze.

Na viongozi wa kwaya, nawasihi: ampu ya pini tatu isikatwe pini ya ethi ili iingie kwenye soketi mbovu. Mpigaji akishika nyuzi na mdomo ukagusa maiki iliyotoka kwenye mashine nyingine, umeme wa volti 230 unaweza kumpitia. Huyo ni mtu anakufa madhabahuni.

Nyuzi Kumi:
Mmesahau wizi wa nyuzi! Unaomba nyuzi za gitaa la umeme unapewa za gitaa kavu, zile za rangi ya shaba. Sumaku ya pikapu hainasi shaba, inanasa chuma cha ndani tu, kwa hiyo nyuzi nene tatu au nne zinasikika kwa mbali na zile nyembamba zinapiga kelele. Mtu anadhani pikapu mbovu. Za umeme zina rangi ya fedha, pakiti imeandikwa nikeli, na kwa anayeanza seti ya 9 hadi 42 (namba za unene, toka uzi mwembamba hadi mnene) inatosha.

Duka la Muziki Majengo:
Mkuu mwenye uzi umetuonea. Wateja wakiruhusiwa kujaribu kila gitaa wanakwaruza rangi, wanakata nyuzi na hawanunui. Na mtu anataka bei ya chini, muda wa kurekebisha nautoa wapi?

Mwenye uzi:
Kaka, hoja ya mikwaruzo naielewa. Acha karatasi ya nailoni kwenye mwili, mkanda usivaliwe, mteja akae kwenye stuli, wewe ushike gitaa na yeye apime. Lakini kusema muda hakuna, hapana. Kila aina uliyonayo toa moja, ikague shingo, nati, urefu wa nyuzi na freti ya 12. Fundi mzoefu hamalizi saa nzima hapo. Ongeza gharama hiyo kwenye bei na uitaje wazi, tutalipa. Kwaya inayopewa gitaa linaloshika sauti itarudi kwako kununua besi na ampu. Ambayo shingo yake imejisokota usiibandike lebo ya mpya. Iandike kasoro, ishushe bei, auziwe fundi anayetaka vipuri. Na stoo yako, toa maboksi chini ya bati leo.