Ati mwanangu POPO? Wana mtaa, leo nimetukanwa barazani

Mzee wa Uchochoroni (mleta uzi)

Asalaam alaykum nyote. Naandika mikono ikitetemeka, kahawa nimeimwaga mara mbili, na mama watoto kahamia chumba cha pili ili apate kucheka vizuri.

Mnamjua. Jina sitaji. Yule ambaye tumbo lake huingia mkutanini, likasalimia watu, likakaa, ndipo yeye akafika. Yule ambaye baa yake imeegemeana na ukuta wa skuli, mpaka mwalimu wa darasa la pili akiuliza "tano jumlisha tatu" wanaojibu ni walevi. Na wanakosea.

Basi leo baada ya alasiri sheha, kiongozi wetu wa mtaa hapa Zanzibar mjini, katuita barazani, suala lilelile la vileo karibu na skuli. Wakubwa wameshatoa amri, kila mtu kasikia, baa ikae mbali na skuli. Sie tukadhani yamekwisha, tunasubiri tu kuona makreti yanapakiwa. Kumbe bwana mkubwa kishajipanga! Usiku mmoja wiki iliyopita kauziba mlango wa mbele kwa matofali, plasta juu, na rangi ya kijani juu ya plasta. Mlango mpya kautoboa nyuma. Sasa ukitoka lango la skuli ukitaka kulewa, sharti uzunguke tanuri la mikate ya boflo, uambae na ukuta wa makaburi, uiname chini ya kamba za nguo za watu, ndipo ufike. Na kaja na utepe wa fundi! Anatwambia kapima mwenyewe njia nzima, ni mbali mno, hata yeye akenda huchoka.

Nikasimama. Nikasema kwa adabu, na sheha ni shahidi: "Bwana, ukuta ni mmoja. Mie nimehesabu. Kutoka ubao wa darasa mpaka friji lako, pasingekuwa na ukuta ni hatua kumi na tisa."

Akanitazama. Akawatazama watu. Akakunja utepe wake polepole. Akasema:

"Kwani mwanao popo, aende kwa kuruka?"

POPO!

Baraza lilikaa kimya kama sekunde moja, halafu likapasuka. Sheha kavua kofia kafutia machozi. Kuna mzee hapa mtaani hajacheka tangu Mapinduzi, leo kacheka, kakohoa, kapigwa mgongo, kacheka tena. Mie nimesimama kidole kiko juu, sijui nikishushe vipi.

Na anajua fika mie kwetu Pemba. Hakusema njiwa. Hakusema kunguru, na kunguru wamejaa mji huu mpaka wanatuibia mandazi mkononi. Popo! Kalichagua lile neno, kalipangusa vumbi, kanipa.

Nina hoja, msidhani sina. Skuli yetu ina mikondo miwili. Wa mchana wanatoka jua linakaribia kuzama, saa ileile walevi wanaingia, wanapishana kama abiria wa bandarini. Mwanangu anawajua kwa majina na anajua nani anadaiwa. Mwalimu kawaagiza walete vihesabio hamsini. Wenzake wakaja na kokwa za ukwaju na vijiti. Wangu kaja na visoda mia mbili, vyote vya bia, kavipanga kwa rangi, kapata kumi kwa kumi. Nikalitoa hili barazani kama ushahidi, yule bwana kajibu, "Basi na mie nimechangia elimu." Hilo nalimeza. Elimu bila malipo hapa Zanzibar ilitangazwa 23 Septemba 1964, pengine hata yeye kasoma bure, na ndivyo anavyolipa. Namezea yote.

Lakini mtoto wa watu, mwenye begi na kaptula iliyopigwa pasi, aitwe popo mbele ya imamu?

Jibu nilikuwa nalo, tena jibu zito. Limenijia nafika nyumbani, navua viatu.

---

Kashata Moja

Pole sana Baba Popo.

---

Mtoto wa Darajani

Baba Popo nimeusoma uzi wako nikiwa kwenye foleni ya ATM, mlinzi kaniuliza kama niko sawa. Jibu lenyewe lipi hilo lililokujia ukivua viatu?

---

Mzee wa Uchochoroni

Kwanza sitaki kuitwa hivyo. Pili, jibu lilikuwa: "Kama mwanangu popo, wewe ni embe bovu."

---

Mtoto wa Darajani

Afadhali ulinyamaza.

---

Umm Wawili

Mnacheka, lakini mimi simcheki. Sie wa huku pwani ya kusini watoto wanakwenda chuo na msahafu kifuani, njiani wanakutana na mgeni kavaa kamba mbili na chupa mkononi, anawaambia "jambo jambo". Mwanangu kaniuliza, mama, yule nguo zake zimeibiwa? Nimwambie nini? Huko mjini mna ukuta angalau. Sie ukuta wetu bahari.

---

Mnywaji Mstaarabu

Mie nakunywa pale na sioni haya kusema. Ila na mie nina dukuduku langu, na ni huo mlango. Miaka yote nimeingia mbele. Juzi nimekuja zangu kwa mazoea nikajigonga na ule ukuta wa kijani. Nikarudi nyuma, nikajipanga, nikajigonga tena. Hakuna aliyenionya. Januari 2024 bia ziliadimika kisiwa kizima, bei ikapaa, waziri wa utalii akajiuzulu mwezi uleule, sie wanywaji tukastahimili. Ramadhani tunastahimili. Leo tunapitishwa makaburini usiku kana kwamba tunajizika wenyewe. Mtetezi wetu nani?

---

Umm Wawili

Mtetezi wako ni huo ukuta. Laiti wangeujenga mapema.

---

Karafuu Kavu

Naingia hapa kwa niaba ya Pemba. Sijaona kosa la kuitwa popo. Popo wa Pemba hapatikani kokote duniani ila Pemba. Kule Kidike wanakijiji wamemlinda, wageni wanapanda ndege na boti na kulipa ili wakamtazame amening'inia. Wewe Mzee wa Uchochoroni nani kalipa kukutazama? Yule bwana kamsifu mwanao, wewe unalia.

---

Mzee wa Uchochoroni

Ndugu yangu, hukuwepo. Hukusikia alivyolitamka. Alivuta ile "po" ya mwanzo kama anafungua soda.

---

Mbara wa Buguruni

Wakuu, huku bara sheria ya vileo tunayo tangu 1968 na baa ya mtaani kwangu imezeeka pamoja nayo, ipo mlango kwa mlango na shule. Kengele ya mapumziko ikilia, wote wanatoka. Nyie mnalalamikia hatua kumi na tisa?

---

Kashata Moja

Mbara hujaulizwa. Ila hiyo ya kengele umeniua.

---

Bibi Halua

Nyie watoto mbona mnaandika hilo neno popo usiku huu, tena mara zote hizo? Wenzenu mwaka 1995 tuliisoma namba. Popobawa, lile shetani la usiku, alianzia huko huko Pemba akavuka. Tulilala nje mtaa mzima, moto unawaka, hakuna aliyethubutu kuingia ndani hata kufuata shuka. Futeni huu uzi.

---

Mtoto wa Darajani

Bibi, ilikuwa Ramadhani ile au baada?

---

Bibi Halua

Ramadhani. Daku tulikula barabarani.

---

Karafuu Kavu

Kila baya limeanzia Pemba. Karafuu nazo nyingi zinatoka wapi? Mbona hamsemi?

---

Mzee wa Uchochoroni

Jamani turudi kwenye mada. Mtu kaziba mlango kwa plasta ili kuikwepa amri, kisha kamwita mwanangu

---

Konda Mstaafu

Samahani nakukata. Mnaongelea walevi na wanafunzi, mie niongeze. Asubuhi watoto wamejaa kituoni na sare zao, daladala inapita na viti vitupu kwa sababu nauli ya mwanafunzi ndogo. Jioni mlevi asiyeweza kutamka anakoshukia anabebwa, anawekwa dirishani apate upepo. Nimefanya kazi ile miaka kumi na moja, na nimewaacha wengi. Nasema kweli, nimewaacha. Mmoja alikuwa wa dada yangu.

---

Umm Wawili

Subhanallah. Na unakuja kuyasema hapa?

---

Konda Mstaafu

Dada mwenyewe hanisemeshi mpaka leo. Nitayasemea wapi?

---

Kashata Moja

Daladala za siku hizi mbaya zaidi. Mie nimekanyagwa na kuku. Si mwenye kuku. Kuku.

---

Mtoto wa Darajani

Muziki je? Ukishuka masikio yanabaki garini.

---

Mnywaji Mstaarabu

Hakuna anayeniuliza kipaji changu cha uso kinaendeleaje. Kimevimba.

---

Mzee wa Uchochoroni

Mada ni SKULI na BAA na MWANANGU.

---

Mtoto wa Darajani

Tumekusikia Baba Popo. Mtoto mwenyewe kasemaje?

---

Mzee wa Uchochoroni

Kafurahi. Kafunga kanga ya mama yake shingoni tangu magharibi, anaruka kutoka kitandani. Anauliza hatua kumi na tisa ni kuruka mara ngapi.

---

Karafuu Kavu

Damu ya Pemba hiyo.

---

Bibi Halua

Hilo tanuri la boflo ulilolitaja huko juu, ni lile la zamani la kuni? Nilidhani lilifungwa. Boflo za dukani siku hizi ukiibonyeza hairudi.

---

Kashata Moja

Lipo bibi, boflo yake ukiichovya kwenye chai ya maziwa haimeguki.

---

Umm Wawili

Nitumieni mtu aniletee nne. Huku kwetu mkate unakuja umeshachoka safari.

---

Bibi Halua

Inatoka saa ngapi? Na mlango upi?

---

Mzee wa Uchochoroni

Saa 10 alasiri, bibi. Fika mapema, ya moto huisha upesi. Ingia kwa upande wa barabara. Ukiona ukuta wa kijani umepitiliza, na ukizunguka nyuma utaingia kwa yule bwana.