Crown au Harrier: siti za nyuma za ipi zinamfaa mama mwenye magoti yanayouma?

Kijenge Juu
Wakuu, habari za jioni. Nachagua kati ya Toyota Crown Royal Saloon (umbo la 2008 hadi 2012) na Harrier ile iliyotoka 2003. Safari ni Arusha hadi Marangu kila baada ya wiki mbili, kama kilomita 120 kwenda tu. Ndani ni watu wazima wanne na mtoto wa miaka 6. Mmoja ni mama, ana miaka 74 na magoti yanamsumbua. Kurudi kuna mikungu ya ndizi. Bei na mafuta nimeshapiga hesabu, turuke hapo. Nataka kujua nafasi ya ndani na siti za nyuma tu. Ni kweli gari ya juu siku zote ina nafasi kuliko ya chini?

Njia Panda Himo
Si kweli mkuu. Gari ya juu inakuongezea nafasi ya kichwa na urefu wa siti kutoka sakafuni. Nafasi ya magoti ni habari nyingine, inatokana na umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Crown hiyo ni milimita 2,850, Harrier 2,715. Hata Prado, ile jeep kubwa ya Toyota (matoleo ya 120 na 150), ni 2,790. Kwa hiyo Crown inaizidi Harrier sentimita 13 na nusu hapo.

Ila sentimita hizo haziendi zote kwa abiria. Injini ya Crown imekaa kwa urefu, giaboksi inafuata nyuma yake, kisha propela shafti (lile bomba refu linalozunguka) inapita chini ya sakafu hadi kwenye difu, inayozungusha tairi za nyuma. Ndiyo ile nundu kubwa katikati. Anayekaa kati anaweka mguu mmoja huku na mwingine kule, na magoti yake yanawabana majirani. Harrier injini imelala kwa upana, nundu yake ni ndogo, na kwa nje ni pana zaidi: 1,845 dhidi ya 1,795. Wawili nyuma, chukua Crown bila kusita. Watatu nyuma, Harrier. Mark X ya 2004 kuendelea ina hali ileile ya Crown. Anayetaka gari ya chini yenye sakafu karibu bapa aangalie Premio (2,700), inavutwa na tairi za mbele, haihitaji shafti hiyo.

Fundi Sponji
Mdau hapo juu yuko sahihi kwenye magoti. Mimi naongezea mapaja, maana hapo ndipo mgongo unapoanza kuuma.

Siti ya nyuma ikiwa chini sana, magoti yanapanda juu ya nyonga, paja linaelea hewani na uzito wote unashukia kwenye kitako na mkia wa uti wa mgongo. Dakika 15 hausikii kitu. Ukifika Boma Ng'ombe unaanza kujigeuza. Pima hivi: chukua tepu, pima kutoka sakafuni hadi ukingo wa mbele wa siti ya nyuma. Sentimita 33 kwenda juu, mtu mzima wa kawaida anakaa kama kwenye kiti cha mezani. Ikishuka chini ya 30, mtu mrefu atateseka hata kama mbele yake kuna uwanja. Kisha pitisha vidole chini ya paja karibu na goti. Kiganja kizima kikipita bila kugusa, siti haikubebi.

Kwa mama, kipimo kikubwa ni kingine: kutoka ardhini hadi juu ya siti, mlango ukiwa wazi. Gari ya chini anaidondokea, na kutoka inabidi ajisukume kwa magoti yaleyale yanayouma. Prado anaipanda kama ngazi. Inayofaa ni ile ambayo akisimama akiupa mlango mgongo, siti inamgusa chini kidogo ya makalio: anakaa, anageuka, anaingiza miguu. Kwa watu wengi ni sentimita 60 hadi 70, na Harrier ndiyo iko karibu na hapo kuliko Crown. Mpeleke mama mwenyewe akajaribu, aingie na kutoka mara tatu. Usimpimie kwa macho.

Halafu hizi ni gari zilizotumika, siti zimechoka. Bonyeza katikati kwa ngumi: ikizama hadi usikie waya, sponji imekufa. Usikubali fundi ajazie sponji ya godoro, ni nyepesi na italala ndani ya miezi michache. Sponji ya siti ni ya kilo 40 hadi 60 kwa mita moja ya ujazo. Na kwa siti za mbele zenye eabegi (mfuko wa hewa wa ajali) ubavuni, kava lisishonwe likaziba mshono ule wa pembeni, maana eabegi inatokea hapohapo.

Kijenge Juu
Asanteni sana, hili la paja sikulijua kabisa. Sasa vipi kuhusu lami na matuta? Na Toyota Vanguard, gari ya juu ya siti saba, si ingemaliza kila kitu?

Mserereko
Vanguard siti ya tatu ni ya watoto. Sakafu pale imepanda, mtu mzima anakaa magoti yakimfika kifuani, na ukiisimamisha buti imekwisha. Ndizi utaweka wapi?

Kwenye lami Crown inatulia zaidi. Iko chini, haiyumbi kwenye kona za kupanda kutoka Himo, na anayetapika safarini atakushukuru. Kwenye barabara za ndani zenye mashimo, gari ya juu inatikisa vichwa kushoto na kulia, lakini tairi zake zinameza zaidi. Angalia namba ubavuni: 225/65R17 ya Harrier ina ukuta (kimo cha mpira kutoka rimu hadi barabarani) wa milimita 146, 215/60R16 ya Crown Royal 129. Crown Athlete yenye 225/45R18 ni 101 tu, kila rasta (vile vituta vidogo vya mfululizo) utaisikia kiunoni. Ukibadilisha rimu ziwe kubwa kwa urembo, unapunguza ukuta huo. Na upepo ujaze kwa kibandiko cha mlango wa dereva. Wengi wanajaza kupita kiasi, halafu wanalaumu shokapu.

Harrier yenye beji ya AIRS iache. Ina springi za upepo. Mpira ukipasuka gari inalala chini usiku mmoja.

Kuhusu mzigo, buti ya Crown imefungwa peke yake, utomvu na harufu vinabaki huko. Ila mdomo wake ni mfupi kwenda juu, mkungu mkubwa unaingia kwa kulazwa na kulazimishwa. Harrier unaingiza kirahisi, lakini mzigo uko chumba kimoja na watu. Ufunge kwa kamba kwenye pete za sakafuni na usizidi kimo cha kiegemeo. Ukishika breki ghafla, mkungu wa kilo 30 unamjia aliyekaa nyuma kichwani, na huyo ni mama.