Mrejesho: lile sanduku la njumu limeuzika

Wadau salaam, ni mimi yule wa Lamu niliyeuliza nifanyeje na sanduku kuukuu la mbao ya bambakofi lililopakwa rangi ya mafuta mpaka juu ya njumu za shaba (yale mapambo ya shaba yaliyotiwa kwenye mbao), miguu nayo imeliwa na bubuku, wale wadudu wanaotoboa mbao. Asanteni sana jamani, na aliyenikataza kupitisha mashine ya msasa Mungu ambariki, maana chini ya rangi kumbe kuna nakshi, mashine ingekula yote. Nikatumia dawa ya kutoa rangi na kisu butu, halafu msasa namba 120 kisha namba 240 ulio laini zaidi kwa mkono nikifuata nyuzi za mbao. Shaba nilisugua kwa ndimu na chumvi nikasuuza nikakausha hapo hapo, inang'aa hadi raha.

Bubuku sasa. Dawa nilipenyeza kwa sindano tundu kwa tundu, miguu mitatu imetulia, wa nne ukaendelea kumwaga unga ikabidi fundi aweke mpya. Kitasa kimegoma kabisa.

Nilinunua shilingi 5,000, vifaa na fundi 3,200, limeenda 13,000 kwa mama mmoja wa Shela hapa Lamu, nilimwambia wazi habari ya kitasa akasema yeye anawekea mashuka tu. Mwenye kitanda cha kamba cha zamani anistue.