Kerneli iliyokompailiwa Mtwara mjini haiwaki kwenye kompyuta za Newala

korosho_ghafi
Wakuu, habari za kazi. Kuna kompyuta sita za mtumba za maabara moja Newala: Core 2 Duo, RAM GB 2, diski za SATA, zote zinatumia Debian 12 (mfumo wa Linux) ya biti 64. Kukompaili (kujenga programu kutoka sosi) juu yake ni kazi ya kutwa, hivyo kerneli 6.12, yaani kiini cha Linux, imekompailiwa Mtwara mjini kwenye laptopu mpya yenye SSD ya NVMe, kwa `make localmodconfig`. Kisha `vmlinuz` (picha ya kerneli) na `initrd.img` (mfumo mdogo wa muda wa kuwashia, pia huitwa initramfs) zimehamishwa kwa flashi hadi `/boot` na `update-grub` ikapigwa. GRUB (programu ya kuchagua kerneli wakati wa kuwasha) inaiona, lakini ikianza kuwaka inaishia hapa: `ALERT! UUID=... does not exist. Dropping to a shell!` UUID (kitambulisho cha diski) imehakikiwa kwa `blkid`, ni sahihi. Kosa liko wapi, na hasa ni vitu gani vinatakiwa kusafiri?

nahodha64
Mkuu, UUID haina kosa lolote, kerneli ndiyo haioni diski. `localmodconfig` hutazama moduli (vipande vya kerneli, kama draiva) zilizopakiwa wakati huo kwenye mashine unayokompailia, nyingine zote inazitupa. Laptopu inatumia `nvme`, kwa hiyo `ahci` na `ata_piix` zimepigwa chini, na diski za Newala zinahitaji mojawapo. Kwenye hiyo shell andika `cat /proc/partitions`. Ikitoka tupu, umepata jibu.

Pili, initrd haisafirishwi. Hutengenezwa kwenye mashine itakakotumika. Ile ya laptopu imebeba moduli za laptopu, na mara nyingi hata UUID ya swap yake (sehemu ya diski inayosaidia RAM), ndiyo maana baadhi ya watu huona kompyuta imekaa inasubiri swap isiyokuwepo.

Kinachosafiri ni picha ya kerneli pamoja na folda nzima ya `/lib/modules/` ya toleo hilo. Hiyo folda hujaitaja. Bila hiyo, hata diski ikionekana utawaka bila mtandao wala sauti.

dirisha_la_mikindani
Naongezea: usihamishe faili mojamoja, tengeneza pakiti ya deb. Na kwa maabara achana na `localmodconfig`, hiyo ni ya mtu na mashine yake moja. Anza na konfigi ya Debian yenyewe:

`cp /boot/config-$(uname -r) .config`
`make olddefconfig`
`scripts/config -d DEBUG_INFO_DWARF_TOOLCHAIN_DEFAULT -e DEBUG_INFO_NONE`
`scripts/config --set-str SYSTEM_TRUSTED_KEYS ""`
`make olddefconfig`
`make -j$(nproc) LOCALVERSION=-newala bindeb-pkg`

Mstari wa tatu usiuruke. Ukiacha taarifa za udibagi, ujenzi unakula muda na nafasi kubwa ya diski, na unatoa pakiti kubwa ya `-dbg` usiyoihitaji. Wa nne unazuia make kukwama ikitafuta cheti cha Debian ambacho hakimo kwenye sosi ya kernel.org.

Deb zitatokea folda moja juu ya sosi. Beba `linux-image` tu. `linux-headers` ni kwa mwenye draiva za DKMS (zinazojengwa upya kwa kila kerneli), na hapo laptopu iwe Debian 12 pia, maana zana zilizomo ndani ya pakiti hiyo zikijengwa juu ya glibc (maktaba kuu ya C) mpya zitagoma kwenye ya zamani. Ukifika: `df -h /boot`, kisha `dpkg -i`. Pakiti yenyewe itaita `update-initramfs` na `update-grub`. Kerneli ya zamani usiifute.

korosho_ghafi
Asante sana. Swali moja: konfigi nzima ya Debian inachukua muda mrefu. Hakuna namna ya kupunguza bila kuumia? Na je, kuweka `KCFLAGS=-march=native` kuna faida?

nahodha64
`-march=native` iondoe kabisa. Maana yake "jenga kwa prosesa hii hii", na laptopu mpya ina maelekezo, kama ya BMI, ambayo Core 2 Duo haiyajui. Matokeo yake ni skrini nyeusi kabla ya herufi moja kutokea, na hakuna logi ya kusoma. Kwenye menyu ya aina ya prosesa acha Generic-x86-64.

Kupunguza kunawezekana. Kwenye kila kompyuta ya Newala chomeka kila kitakachotumika, yaani flashi, printa na modemu ya USB, fungua faili moja kutoka kwenye flashi, halafu `lsmod > pc1.txt` (ya pili `pc2.txt`, na kuendelea). Unganisha zote kwa `cat pc*.txt > zote.txt`, na kwenye laptopu `make LSMOD=/njia/zote.txt localmodconfig`. Kufungua faili ya flashi si mapambo: ndiko kunakopakia `vfat` na moduli za `nls`. Zikikosekana, kompyuta inawaka vizuri lakini flashi haifunguki, na wewe ulitegemea flashi kuleta marekebisho!

dirisha_la_mikindani
Kama hutaki kupanda Newala kila kerneli ikigoma, weka `GRUB_DEFAULT=saved` na uongeze `panic=30` kwenye `GRUB_CMDLINE_LINUX`, piga `update-grub`, tumia `grub-set-default` kwa ya zamani na `grub-reboot` kwa mpya. Ya mpya inapewa nafasi mara moja tu. Ikianguka, baada ya sekunde 30 kompyuta inajizima na kuwaka upya kwa ya zamani, hata ikiwa imekwama kwenye initramfs kama sasa. Ila ikiganda kimya bila panic (kerneli kutangaza kosa kubwa na kusimama), hapo lazima mtu aliyepo abonyeze swichi. Ukiridhika na mpya, ndipo uipe `grub-set-default`.