Mwanafunzi kamdhuru mwenzake bwenini: nianzie wapi?

MwlMalezi
Habari za kazi wadau. Mwongozo wetu wa ulinzi wa mtoto unamzungumzia mtu mzima tu. Mtoto akimdhuru mtoto je? Mfano: bweni la msingi, wa darasa la saba (miaka 13) anamfuata wa darasa la tatu (miaka 9) kitandani usiku, anamshika sehemu za siri na kumtishia asiseme. Mwalimu mkuu anataka mkubwa achapwe, ahamishwe, yaishe. Nifanye nini kwanza?

UstawiKata
Mwalimu, msikilize mdogo mara moja, faragha, bila kumhoji. "Nieleze ilikuwaje" inatosha. Ukisema "alikushika hapa, siyo?" umeshamlisha maneno, na mahakamani hilo litakurudia. Andika alivyotamka, hata kama ni maneno ya mtaani, na tarehe, saa na saini. Usimwahidi siri, mwambie utamweleza nani na kwa nini.

Siku hiyohiyo mjulishe afisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 inakutaka kuripoti, si hiari ya mwalimu mkuu. Kukiwa na dalili ya kuingiliwa, matibabu yasisubiri PF3 (fomu ya polisi ya kwenda hospitali): dawa za kuzuia VVU huanza ndani ya saa 72, tena mapema kadiri iwezekanavyo, na humezwa siku 28. Asioge kabla ya kupimwa. Nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Wa nailoni hutunza unyevu, nguo zikaota ukungu na ushahidi ukaharibika.

Kosa linalorudiwa kila mara ni kuwakalisha wote wawili ofisini wapatane. Mdogo atakana mbele ya aliyemtishia, halafu aambiwe alidanganya.

Mnasihi
Naongezea upande wa mkubwa, maana naye ni mtoto. Kabla ya kulipa jambo jina, pima. Simon Hackett wa Uingereza alipanga tabia hizi katika ngazi tano, kuanzia ya kawaida kwa umri hadi ya ukatili wa nguvu. Maswali ni haya: wanapishana umri au nguvu kiasi gani? Kulikuwa na vitisho au hongo? Alikatazwa akaendelea? Hapa kuna tofauti ya miaka 4 na vitisho, kwa hiyo si mchezo. Wa miaka 5 waliochunguliana wakicheka, wakaacha walipoambiwa, msiwapeleke polisi jamani.

Kisheria, chini ya miaka 10 hana jinai. Akiwa hajafika 12 lazima ithibitishwe alijua ni kosa. Wa 13 anaweza kufikishwa Mahakama ya Watoto, lakini unasihi usisubiri kesi. Msimwite "mbakaji". Wala msikimbilie kusema naye alifanyiwa: wapo waliofanyiwa, wapo walioona video za ngono kwenye simu, wapo wanaokulia kwenye vipigo. Viboko vitamfundisha kuficha vizuri zaidi.

MwlMalezi
Asanteni. Na kuhamishwa?

UstawiKata
Kumhamisha kimyakimya ni kupeleka hatari bweni lingine lisilojua kitu. Anayebadilishiwa chumba ni mkubwa. Mdogo asipokonywe kitanda na marafiki zake. Andikeni mpango wa usalama wa ukurasa mmoja: kitanda cha mkubwa karibu na mlango wa mlezi, chooni usiku asindikizwe na mlezi, bafuni aende kwa zamu yake peke yake. Kama ni kiranja, avuliwe. Ukiranja humpa sababu ya kuzunguka vitandani usiku. Kila saa iwe na jina la mtu wa zamu. Mkiandika "walimu wote wamwangalie" hakuna atakayemwangalia. Pitieni mpango kila wiki 2.

Mnasihi
Mlezi akiwa mmoja kwa watoto mia, mpango huo ni karatasi tu. Bora mkubwa asome kutwa kwa muda. Ila kabla hamjamrudisha nyumbani, ulizeni kuna wadogo wangapi na wanalala chumba gani.