Mjadala: Muziki wa dansi wa kielektroniki upigwe na bendi, au uachiwe mashine zake?

Mleta mada

Wakuu, kuna dai linalojirudia kila mitindo ya muziki huu kama hausi, tekno au dramu na besi inapopandishwa jukwaani: kwamba aliyesimama nyuma ya meza yenye kompyuta hajafanya kazi, na msanii wa kweli aje na mpiga dramu, gitaa la besi, kinanda na waimbaji. Waandaaji wamelisikia, ndiyo maana mabango mengi sasa yanatangaza "na bendi kamili" kana kwamba maneno hayo peke yake ni dhamana.

Mimi ni mtu wa bendi, nazipenda tangu zamani. Lakini dai hili naliona halikulenga panapostahili. Ninachotaka kujua nikisimama mbele ya jukwaa ni kama wimbo huu unaweza kwenda njia nyingine usiku huu, kwa ajili ya watu waliopo hapa. Kama dakika saba zitabaki dakika zilezile saba, na besi itarudi palepale iliporudi jana na juzi, basi hata umweke mpiga dramu hodari kuliko wote tunasikiliza rekodi inayotoka jasho.

Wengi wanadhani ugomvi wa mkono na mashine ulianza jana. "I Feel Love" ya Donna Summer, 1977, hutajwa kila mara kama mwanzo wa dansi ya mashine, na kweli Giorgio Moroder na wenzake waliijenga karibu yote kwa sintesaiza ya Moog, mashine inayotengeneza sauti kwa umeme. Karibu yote. Pigo zito la dramu ya mguu alilipiga binadamu, Keith Forsey, kwa sababu sintesaiza ile haikutoa pigo lenye uzito wa kutosha. Upande wa pili, sekunde chache za dramu alizopiga Gregory Coleman wa The Winstons mwaka 1969 katika "Amen, Brother" zilikuja kukatwakatwa, kuharakishwa na kurudiwa hadi zikabeba mtindo mzima wa dramu na besi. Mkono haujawahi kutoka kwenye muziki huu. Anayesema bendi ni mgeni humu amekosea, na anayesema mashine ni udanganyifu amekosea vilevile.

Ninachopinga ni bendi ya maonyesho: watu watano wanaofuatisha sauti zilizokwisha kurekodiwa, kila mmoja akiongeza kidogo juu yake, na ukiwanyamazisha wawili hakuna atakayegundua. Kuliko bendi ya namna hiyo, ni bora DJ mmoja anayejua kazi yake. Karibuni mnipinge.

Fundi mitambo

Mkuu mleta mada, umegusa penyewe, ila hujamtaja anayeifunga bendi kamba. Si uvivu wa wanamuziki. Ni taa na skrini.

Niwaeleze inavyokuwa, kwa sababu watazamaji hawaioni. Kwenye maonyesho mengi makubwa kuna ishara ya saa inayotembea sambamba na wimbo. Ishara hiyo huiambia kompyuta ya taa na ile ya video: sasa tuko sekunde ya 94, washa nyekundu, leta picha ya mawingu. Hutoka kwenye kompyuta ileile inayotoa sauti ambazo bendi haiwezi kuzipiga, yaani sauti za waimbaji zilizopangwa tabaka kwa tabaka, milio ya kupanda, vishindo. Kompyuta hiyohiyo humpigia mpiga dramu metronomu sikioni, yaani mlio wa kuhesabu mapigo. Mpiga dramu anafuata metronomu, wenzake wanamfuata yeye. Sasa fikiria watu wamewaka, na bendi inatamani kubaki kwenye besi ile kwa mizunguko kumi na sita zaidi. Haiwezi. Skrini itakwenda na wimbo, bendi itaachwa njiani. Hapo wanamuziki wamekuwa abiria kwenye gari lao wenyewe.

Dawa ipo. Wimbo unakatwa vipande ndani ya kompyuta, kila kipande kinazunguka mpaka mtu aamuru kinachofuata. Programu kama Ableton Live, iliyotoka mwaka 2001, ilijengwa kwa kazi ya namna hii. Bendi inapeana ishara kwa macho au kwa kidole, mmoja anabonyeza, wote wanahama. Lakini taa nazo lazima ziendeshwe kwa mkono, na mwendesha taa aujue wimbo kama mpiga besi anavyoujua. Hayo ni mazoezi ya wiki, na waandaaji wengi hawapendi kulipia mazoezi ya mwendesha taa. Nimeshuhudia bendi ikiomba uhuru huo na kunyimwa kwa sababu video ilikuwa imekwisha kulipiwa.

Jambo jingine ni pigo la mguu. Dansi hii inasimama kwenye sauti za chini sana, kwenye mtetemo wa kama hezi 50 au 60, na wachezaji wanategemea kila pigo liwe na uzito uleule. Kwa kasi ya mapigo 128 kwa dakika, saa moja ni mapigo 7,680. Hakuna mguu wa binadamu utakaoyatoa yote yakiwa sawa. Kwenye roki tofauti hiyo ni utamu. Kwenye spika kubwa za chini inafanya sakafu ionekane inapotea na kurudi. Ndiyo maana tunafunga kihisi kwenye ngozi ya dramu: mguu ukigonga, kihisi kinaamsha sauti iliyoandaliwa. Wapo wanaokiita kitendo hicho udanganyifu. Mimi nakifanya mchana kweupe. Wakati wa pigo umeamuliwa na mtu, na mashine imetoa sauti tu.

DJ

Ndugu zangu, nauliza kwa heshima: kwa nini sisi tupimwe kwa kipimo cha bendi?

Mleta mada anataka wimbo uweze kwenda njia nyingine. Mimi naingia na maelfu ya nyimbo. Nikiona kundi la mbele limechoka nabadilisha mwelekeo ndani ya dakika mbili. Bendi iliyofanyia mazoezi nyimbo kumi na mbili itabadilisha nini? Kwa kipimo chake mwenyewe, DJ anashinda kabla ya kuanza. Halafu bendi husimama kati ya wimbo na wimbo. Mmoja anakaza nyuzi za gitaa, mwingine anasalimia watu, na ule moto uliowashwa kwa dakika ishirini unazimika. Muziki huu ulikuzwa na watu waliojua kuunganisha rekodi bila sakafu kupoa hata kidogo. DJ Frankie Knuckles pale klabu ya Warehouse, Chicago, hakuhitaji bendi kuwashika watu mpaka asubuhi.

Najua mtanitajia deadmau5, msanii maarufu wa muziki huu, ambaye mwaka 2012 aliandika waziwazi kwamba yeye na wenzake wa majukwaa makubwa kimsingi wanabonyeza kitufe cha kuanzisha. Someni vizuri: alikuwa anazungumzia maonyesho yenye picha na taa zilizofungwa kwa saa, hayohayo aliyoyaeleza fundi. Hakuzungumzia DJ anayechagua wimbo baada ya wimbo.

Na mashine zenyewe zinapigwa, wakuu. Ndugu wawili wa kundi la Orbital walipopanda jukwaa la tamasha la Glastonbury mwaka 1994 hawakuwa na mpiga dramu wala gitaa. Walikuwa na sikwensa, yaani mashine za kupanga na kurudia mapigo na noti, zenye vipande vya nyimbo, wanafungua hiki, wananyamazisha kile, wanarefusha, wanafupisha, yote kwa mikono na palepale. Nani atasema ile haikuwa laivu?

Mleta mada

DJ, hilo la Orbital ni langu kabisa, ahsante. Kipimo changu hakijali kama kilichoguswa ni kitufe au uzi wa gitaa.

Kuhusu bendi kupoza sakafu, ni kweli na ni kosa linaloepukika. Bendi ya Soulwax ya Ubelgiji mwaka 2017 walitoa albamu "From Deewee" iliyorekodiwa kwa mkupuo mmoja, wapiga dramu watatu wakiwa pamoja, wimbo mmoja ukizaa mwingine bila kusimama. Wale watatu walikuwa wanagawana mapigo, huyu anashika mguu, yule anajaza pembeni, sauti inazunguka kati yao. Bendi inayotaka kupigia watu wa dansi ijifunze kwanza kuunganisha, ndipo ifikirie solo.

Mpiga dramu

Nimesoma kwa utulivu, sasa naomba niwapinge wote, nikianza na fundi, kaka yangu.

Umejenga hoja yote juu ya kwamba mashine ndiyo ishike saa. Nani ameamua? Meute, kundi la Hamburg, Ujerumani, lilianza mwaka 2015 na watu kumi na mmoja: tarumbeta, saksafoni, tuba ya kuvaa begani, dramu zinazobebwa kifuani. Hakuna kompyuta. Wanapiga tekno barabarani na watu wanacheza. Bendi ya Elektro Guzzi ya Vienna ni watatu tu, gitaa, besi na dramu, na wanatoa tekno bila kompyuta. Kasi yao ikipanda kidogo wimbo unapoiva, hakuna aliyewahi kufa. Mwili wa anayecheza unapanda nayo.

Kisha mleta mada. Unasema bendi iwe na uwezo wa kuupeleka wimbo kwingine. Hapo unaniletea ugonjwa wa wapiga ala wote waliokulia kwenye mitindo mingine: kuwashwa na mikono. Kitu kigumu kuliko vyote nilichowahi kujifunza kwenye dramu ni kupiga mizunguko minne ileile kwa dakika nane bila kuipamba. Kila baada ya mizunguko minane mkono unataka kufanya mbwembwe, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa, sehemu mpya itangazwe kwa mbwembwe. Kwenye hausi mbwembwe hiyo inavunja usingizi mtamu wa wachezaji. Kinachotakiwa ni visahani pacha vya dramu kufunguliwa nusu kidogo, polepole, kwa dakika mbili nzima, mpaka watu wahisi jambo linakuja wasijue linatoka wapi. Hapo wimbo haujaenda popote. Hakuna kilichobadilika ambacho ungeweza kukiandika. Na bado ni kazi ya mkono ambayo mashine ingeifanya kwa namna nyingine kabisa.

Sikilizeni mpiga dramu Tony Allen wa Nigeria alivyopiga na Jeff Mills, DJ wa tekno wa Detroit, rekodi yao ilitoka mwaka 2018. Mills anaipiga mashine ya dramu ya TR-909 kwa vidole, Allen yuko kwenye dramu. Allen hashindani naye. Anaweka mapigo yake katikati ya mapigo ya mashine, mahali ambapo mashine imeacha nafasi, na kila mmoja anamsikiliza mwenzake.

Kwa hiyo kipimo changu kiko karibu na masikio: je, wanasikilizana? Bendi inayosikiliza metronomu tu imekufa hata kama wimbo unarefushwa kila usiku.

Mchezaji

Mnaongea kama watu wa jukwaani. Mimi natoka upande wa sakafu.

Mwaka 2015 DJ Pete Tong na Heritage Orchestra chini ya kondakta Jules Buckley walipiga nyimbo za klabu za kisiwa cha Ibiza kwenye ukumbi wa Royal Albert Hall, London. Okestra nzima, noti zimeandikwa, hakuna anayebadilisha chochote. Kwa kipimo cha mleta mada hiyo ni rekodi inayotoka jasho. Lakini watu waliokua na nyimbo zile walitaka kuzisikia kama walivyozijua, kwa vayolini na tarumbeta halisi, na ni haki yao. Nikienda kusikia wimbo nilioupenda kwa miaka mingi, sitaki mpiga kinanda aniletee maoni yake mapya.

Mleta mada

Dada, haki hiyo siipingi. Ila okestra ile haikumficha mtu: noti zilikuwa mbele yao, na kila mtu ukumbini alijua amekuja kusikia nini.

Mpiga dramu, hoja yako ya kujizuia naipokea nzima, na haigongani na yangu. Ukibaki kwenye mizunguko ileile kwa dakika nane ukiwa na uwezo wa kutoka, umeamua. Ukibaki kwa sababu skrini imekufunga, hujaamua. Mchezaji anaisikia tofauti hiyo hata kama hawezi kuitaja. Na "wanasikilizana" hakuwezi kutokea kama hakuna kinachoweza kubadilishwa na kilichosikika.

Basi nitoe pendekezo lenye meno. Onyesho likitangazwa kuwa na bendi, tangazo liseme nini kinapigwa pale na nini kimerekodiwa, hasa sauti za waimbaji. Nyimbo nyingi za dansi zinabebwa na sauti ya mwimbaji ambaye hayupo kwenye ziara. Bendi inapiga, sauti yake inatoka kwenye kompyuta, na dada aliyesimama mbele na maikrofoni anaongeza vipande viwili vitatu. Mnunuzi wa tiketi aambiwe kabla hajanunua.

Fundi mitambo

Orodha hiyo mkuu ni ya nusu saa tu kuiandaa. Kwenye mikisa, meza ya kuchanganyia sauti, kila sauti ina mkondo wake na jina lake: dramu, besi, kinanda, "sauti za kompyuta 1", "sauti za kompyuta 2". Napiga picha ya meza, naikabidhi. Kitakachokwama ni ruhusa. Baadhi ya mikataba niliyotia saini inanikataza kumwonyesha mtu yeyote meza hiyo, na aliyeweka sharti hilo ni menejimenti ya msanii, si mwandaaji. Waandaaji ndio wenye jukwaa na fedha. Wao wakikataa kusaini bila orodha, menejimenti zitaitoa.